Bega la Dada na Stendi ya Shemeji

Dada yangu ana wivu, wala simsingizii. Tulipokuwa wadogo alimwonea wivu paka wa jirani, eti mama alimwita kwa sauti tamu kuliko aliyotuitia sisi. Alipoolewa na mpiga picha nilimwambia, "Dada, umejitafutia. Mwanamume kazi yake kuangalia nyuso za watu kutwa nzima!" Akanijibu kwamba nyuso za watu hazimsumbui, mradi yeye ndiye aliyebeba kamera.

Na kweli aliibeba, ingawa si kwa mikono. Shemeji hakuwahi kuwa na stendi, ile ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Wakipiga picha mahali penye mwanga hafifu, ukumbini au ndani ya majengo ambako taa kali zimekatazwa, kamera inataka ikae juu ya kitu kisichotikisika, la sivyo picha inatoka na ukungu. Kitu hicho kilikuwa bega la kushoto la dada. Alisimama mbele ya mumewe akampa kisogo, shemeji akalaza kamera begani, dada akavuta pumzi, akaitoa nusu, akasema, "Nimezima." Ndipo shemeji akabonyeza. Wenzao wa kazi waliwacheka wee, wakambandika dada jina la Mama Bega, naye akalivaa kama cheo. Mteja akisifu picha, shemeji alisema asante, dada alisema, "Hilo ni bega langu."

Ndiyo maana siku shemeji aliposema mezani, huku akimenya chungwa, "Nitanunua stendi," dada aliacha kula.

"Ya nini?"

"Ile kazi ya kalenda nimeipata. Ni ya safari. Majengo ya zamani, mwanga wa alfajiri na wa jioni."

"Kwani bega limefanya nini?"

"Halijafanya kitu," alisema shemeji, akaendelea na chungwa lake.

Hapa lazima nimseme shemeji, ingawa ni mtu mwema. Ana ugonjwa mmoja: jambo akishaliwaza, anaamini ameshalisema. Siku ile angeongeza maneno machache tu, tusingefika tulikofika. Lakini alimaliza chungwa, akanawa mikono, akaenda zake kusafisha lenzi.

Kesho yake dada alinijia kwenye kibanda changu cha cherehani, akajibwaga juu ya vitambaa vya wateja bila hata kuuliza.

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia," alisema. "Ningemtafuta nimpe zake. Sasa vyuma vitatu nitavifanya nini?"

"Dada, hiyo ni stendi tu."

"Ni mimi huyo, ila hali, hanung'uniki, halipiwi nauli. Ananiacha, wewe! Ataondoka na hicho kistendi chake, mimi nibaki kufuta vumbi studio."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipomtazama vizuri macho yalikuwa yamejaa machozi. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, kuachwa nyumbani. Shemeji akiwa nyumbani haongei. Ni safarini, wakisubiri mwanga ukae sawa, ndipo humsimulia mkewe utoto wake, hofu zake na vituko vya wateja. Yote anayoyajua dada kuhusu mumewe aliyasikia akiwa amempa kisogo.

Tukaenda dukani watatu, mimi nikiwa nimeburutwa kama shahidi. Muuzaji wa vifaa vya picha alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, na upole huo peke yake ulitosha kumchefua dada. Shemeji alieleza anachotaka: iwe nyepesi, ikikunjwa iingie kwenye begi, ikikunjuliwa ifike usawa wa macho yake. Muuzaji akaleta moja nyeusi ya nyuzi za kaboni, ambayo ikikunjwa ni fupi kuliko mkono wangu. Akalegeza vifungo, miguu ikashuka kimya kimya. Akatuonyesha kichwa chake, kile kidude cha duara kinachoigeuza kamera upande wowote kisha unakikaza. Chini ya nguzo ya kati palikuwa na ndoano.

"Kukiwa na upepo unaning'iniza begi lako hapa, inatulia," alisema. "Kwa safari itakufaa sana. Haichoki, haihemi."

Haihemi! Nilimwona dada akivimba. Shemeji naye, bila habari, aliinamia ile stendi, akaipapasa mguu mmoja baada ya mwingine, akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu siku ya harusi. Dada akanifinya mkono.

"Unaona anavyoishika?"

"Anaangalia kama inatikisika."

"Mimi hajawahi hata kuniangalia kama natikisika."

Akamkata jicho muuzaji, akaonyesha kona ya duka. Kule kulikuwa na dude la chuma, refu, lenye miguu minene.

"Na lile je?"

"Lile ni la studio, dada. La kukaa mahali pamoja. Kusafiri nalo ni adhabu."

"Mume wangu anafanya kazi, hachezi. Hicho kijiti upepo ukipita unaondoka nacho."

Hesabu yake niliisoma usoni. Shemeji ana mgongo mbovu, mzigo mzito hauwezi. Kijiti angekitia begini akaondoka peke yake akipiga mluzi. Dude lile asingelifikisha hata mlangoni bila mkewe. Dada akadai zijaribiwe zote mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamisha ile nyepesi, na muuzaji alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, akaivuta nguzo ya kati juu mpaka mwisho, jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi na kamera anajua kwamba linaitikisa. Picha zikapigwa. Ya ile nyepesi ilikuwa na ukungu kidogo. Ya dude ilikuwa safi.

Shemeji aliitazama picha, akamtazama mkewe.

"Una hakika?"

"Nani anajua kutulia kuliko mimi?"

Shemeji akatoa pochi. Akanunua dude. Dada alilibeba begani mpaka nyumbani, bega lile lile, akiimba njia nzima, mimi nikimfuata nyuma nikiona haya kwa niaba yake.

Jioni ya kuamkia safari alinipigia simu, anapiga kelele hata simwelewi. Shemeji alikuwa amemuuliza kama ameshapanga nguo. "Nguo za nini?" "Si za safari? Chukua ile ya kijani, inaonekana vizuri kwa mbali." Anakwenda! Alikuwa anakwenda siku zote, ila mumewe alisahau kusema. Alicheka, akalia, akaniomba nije nimbanie ile nguo kiunoni. Nikaenda na sindano yangu.

Asubuhi niliwasindikiza uwanjani. Ndege ilikuwa ndogo, iliyokodiwa na mteja, na palikuwa na karani mwenye mizani. Alipima mizigo, kisha akawapima watu. Akatikisa kichwa. Wakatoa sanduku la dada, wakapima upya. Akatikisa kichwa tena.

"Libaki hilo lichuma au abaki mtu," alisema.

Dada hakufikiri hata kidogo. "Libaki. Bega lipo."

"Bega likikaa chini ya kamera, nani atasimama kule?" shemeji aliuliza.

"Kule wapi?"

"Kwenye picha. Mlangoni, kwenye ngazi, chini ya matao. Mteja anataka mtu mmoja katika kila picha ili ukubwa wa jengo uonekane. Nikamwambia mtu ninaye, ni mke wangu."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia?" Alishangaa kweli, maskini. "Miaka yote hii naona kisogo chako tu. Nilitaka stendi ili wewe ukasimame mbele. Ndiyo maana nilikuwa naitaka ile nyepesi, kwa ajili ya hii ndege."

Dada alifungua mdomo. Nikajua anataka kuitaja ile nguzo ya kati, lakini hakuitaja. Rubani alikuwa ameshaanza kutazama saa, na mteja alishasema kazi haiwezi kusubiri. Bila stendi hakuna picha hata moja. Bila dada, mtu wa kusimama na wa kubeba dude wangeweza kutafutwa huko huko. Mwisho ni dada mwenyewe aliyelipandisha dude ndegeni, maana shemeji na mgongo wake hakuweza. Halikuenea nyuma. Wakalilaza kwenye kiti cha dirishani, kilichokuwa cha dada, wakalifunga mkanda.

Sijapata kuona mtu akikitazama chuma kwa chuki ya namna ile.

Shemeji aliporudi alikuja na picha zilizochapwa kubwa, tayari kwa kalenda. Nilikuwepo alipozitandaza mezani. Zilikuwa safi, hakuna ukungu popote. Mlango mrefu kama mti, na mwanamke mmoja amesimama chini yake. Ngazi pana, na mwanamke yule yule juu ya ngazi. Matao, mwanga wa asubuhi, mwanamke yule yule.

"Ni nani?" dada aliuliza.

"Tulimpata pale pale. Hata jina nimelisahau."

"Amesimama vibaya."

"Najua," alisema shemeji. "Kila mara namwambia asogee kidogo, hasogei. Wewe ungejua pa kusimama bila kuambiwa."

Nilidhani maneno hayo yangempoza roho. Kwa shemeji yalikuwa mengi. Lakini dada aliinuka. Alizichukua picha, akaziegemeza ukutani moja baada ya nyingine, akavuta kiti, akakaa akimtazama yule mwanamke aliyesimama mahali pake.