Ufunguo Kwenye Fundo la Leso

Mume wangu na rafiki yake walitukanana kwa sababu ya magari jinsi watu wengine wanavyotukanana kwa sababu ya mpira. Mume wangu alikuwa na pikapu ya kubeba samaki wakavu kutoka Kalokol hadi sokoni Kakuma. Rafiki yake, Msomali mwenye duka la unga na sukari hapa Lodwar, alikuwa na pikapu iliyoundwa na kampuni pinzani. Kila asubuhi walikutana kwenye kibanda changu cha chai, na hata salamu ya ejok haijaisha mdomoni, tayari wameanza.

"Gari lako ni mbuzi mgonjwa," mume wangu alikuwa akimwambia.

"Na lako linanuka samaki mpaka kwenye taa."

Nilikuwa nawafokea wanywe chai waniondokee, wateja wengine wapate kukaa. Lakini Mungu ananijua, nilizipenda kelele zile. Siku hizi pale palipokuwa kibanda changu wanauza simu, na nikipita hapo moyo huniuma kidogo.

Basi mwishoni mwa 2012 redio ikatangaza kwamba kampuni zote mbili zimegundua kasoro, moja ikifuata nyingine. Chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele, mafundi wetu wanakiita tairodi, kingeweza kukatika gari likiwa mwendoni. Nasikia zote mbili zilinunua chuma hicho kwa mtengenezaji mmoja. Mume wangu alicheka. Akasema mbovu ni gari la mwenzake, redio imechanganya mambo.

Yule Msomali alipiga simu kwa kampuni yake mara moja tu. Haukupita muda, fundi wao akashuka kwenye basi la Kitale na sanduku zito la vyuma, kwa ajili ya magari yao yote ya Lodwar na Kakuma. Hakuuliza gari lilinunuliwa wapi wala kwa nani. Neno lake la kwanza lilikuwa pole, kabla hata hajafungua sanduku. Nikampa chai, akaingia chini ya gari palepale mbele ya kibanda.

Alipomaliza, tairodi ya zamani ilikuwa chini kwenye mchanga, nzuri, huoni kasoro. Na kwetu hakuna chuma kinachotupwa. Springi ya lori inakuwa panga, pipa linakuwa mlango. Mume wangu akaiokota, akaigeuzageuza. Akasema fundi wetu ataipiga tupa kidogo iingie kwenye pikapu yetu.

"Hapana, mzee wangu," yule fundi akamwambia. "Naomba unirudishie."

"Kumbe ninyi ni wachoyo hata kwa takataka?"

Fundi akaichukua. Aliiweka juu ya jiwe, akachukua nyundo. Pigo la pili ikavunjika kama mandazi ya juzi. Ndani ulionekana ufa mweusi wa siku nyingi, na sehemu iliyokuwa bado nzima ilikuwa nyembamba kama ukingo wa ukucha.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakubeba," alimwambia yule Msomali.

Rafiki yetu akakaa chini. Juma lililopita alikuwa amefika mpakani Nadapal na gari lile, watoto wake wawili wakiwa kiti cha mbele.

Mume wangu alikwenda kwenye pikapu yake, akachomoa ufunguo, akaniwekea mkononi. "Nishikie, mama watoto. Nikibaki nao nitaendesha." Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mtu yule hakuwahi kumpa yeyote ufunguo ule, hata kwa ajili ya kuosha gari. Nikaufunga kwenye pembe ya leso.

Kampuni yetu sasa. Ukipiga simu unapigiwa muziki. Ukiwapata, wanakuambia lete gari Nairobi. Nikauliza, nilete gari ambalo mmesema litakatika usukani, nipitie milima yote ile? Wakasema tena gari lenyewe lilipitia Dubai, si lao. Nikawaambia jina lao limeandikwa mbele kwa herufi kubwa kuliko mkono wangu, waje basi walifute. Simu ikakatwa. Nikapiga tena kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka yule binti wa ofisini akanijua kwa sauti.

Pikapu ikakaa nyuma ya nyumba, mbuzi wakapata pa kulala mchana. Samaki wetu walibebwa na yule Msomali, juu ya sukari yake, na wateja wake wakalalamika kwamba chai inanuka ziwa. Aliendelea kubeba samaki wetu. Mume wangu alipanda kiti cha mbele cha mbuzi mgonjwa, Lodwar hadi Kakuma, akingoja matusi, na matusi hayakuja.

"Afadhali angenitukana," aliniambia jioni moja. "Akininyamazia hivi najiona kama nimeshakufa."

Mvua za 2013 zilipopita, boksi kutoka kampuni yetu likaletwa na basi. Hakuja mtu, wala hapakuwa na neno la pole. Ni chuma tu ndani ya magazeti. Fundi wetu wa Lodwar akakifunga, kisha akabaki ameshika tairodi ya zamani akiitazama kwa huruma. Mume wangu akaichukua mkononi mwa fundi, akaomba nyundo. Ilivunjika kwa pigo moja.

Yule Msomali alikuja akasimama juu ya vipande vile. Alilizunguka gari letu polepole, akapiga gurudumu teke. Nikaona mume wangu ameinamisha kichwa.

"Warya," akamwita kwa Kisomali, "mbuzi walikuwa wameshazoea. Sasa unawanyima kivuli kwa ajili ya kitu kinachonuka hivi?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Mimi nililia, na sikujificha. Kisha nikafungua fundo la leso, nikampa ufunguo wake.