Enid Rudkin na Kengele za Wragthorpe

Enid Rudkin hakuwa mwongo. Ukimuuliza kama gauni limekupendeza, atakwambia halijakupendeza, na ukinuna shauri yako. Lakini mwaka ule ambao Uingereza ilikuwa inatoka Umoja wa Ulaya huku haitoki, alimdanganya mumewe Jumapili baada ya Jumapili, tena bila kupepesa macho.

"Enid," Wilf aliita kutoka kitandani, "mbona kengele kimya? Leo siyo Jumapili, au masikio nayo yamekifuata kifua?"

"Kamba zinarekebishwa, baba."

"Bado tu? Hizo kamba zinasukwa China?"

"Hebu nyamaza unywe uji wako."

Kitanda walikuwa wamekishusha sebuleni, dirishani, maana ngazi zilishamshinda mzee. Daktari alikuja, akamsikiliza mgongoni, kisha akamvuta Enid jikoni na kumwambia ajiandae. Ng'ambo ya dirisha kulikuwa na makaburi, na ng'ambo ya makaburi kanisa na mnara wake wenye kengele sita. Wilf alizipiga tangu kijana, na kwa miaka chungu nzima yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapigaji, mpaka kifua kilipomnyang'anya kamba. Sasa hakuomba dawa wala hakuomba padri. Aliomba azisikie zote sita mara moja tu, basi.

Na kengele za kule si mchezo wa kumwambia mtoto nenda kavute. Kila kengele ina kamba yake na mtu wake, na yenyewe nzito kama ng'ombe, inapinduka nzima nzima juu chini. Zinafuatana kwa zamu, na zamu zenyewe hubadilika kila dakika, kwa hiyo mpigaji lazima amtazame mwenzake mikononi ndipo ajue lini avute. Asipomtazama ni vurugu. Sasa wapigaji wa Wragthorpe walikuwa hawatazamani kabisa, hata njiani. Hilo ndilo Enid alilokuwa analificha.

Ugomvi ulianza kwa Barry Stennett, mwenye bucha, mtu mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Yeye alipiga kura ya kutoka. Serikali ilishasema nchi itatoka mwisho wa Machi, saa tano ya usiku, na Barry akatangaza mnarani kwamba saa hiyohiyo kengele zote zitalia, dunia ijue.

"Zitalia," akasema Hilary Coe, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, ambaye kura yake ilikuwa ya kubaki. "Lakini zitalia na ngozi."

Kengele za kule huvishwa ngozi kwa msiba tu. Ulimi wa kengele unafungwa ngozi upande mmoja, ili pigo la kwanza litoke wazi na la pili litoke limefifia, kama mtu anajibu kutoka chumba cha mbali. Kila mtu kijijini akiisikia sauti ile anavua kofia na kuuliza ni nani.

"Unaizika nchi yako ingali hai?" Barry akafoka.

"Nyinyi ndio mnaoiua. Mimi naandaa mazishi tu."

Colin mpeleka barua, ambaye ugomvi humkosesha hamu ya kula, akajaribu kuamua. "Basi jamani, tuvalishe tatu, tatu tuziache wazi." Wote wawili wakamgeukia yeye. Yakatoka maneno ya mbumbumbu, yakatoka ya kibaraka, Barry akabamiza mlango na Hilary akatokea mlango huohuo baadaye kidogo akaubamiza tena. Mchungaji wa kanisa, mama Gillian, ambaye mwenyewe hupiga ile kengele ndogo, alibaki na Enid, Colin na binti yake Colin, Jess. Wanne. Na wapigaji wanne hawapigi kengele sita.

Halafu ile tarehe ikafika, na lahaula! Hakuna kilichotoka wala kuingia. Wakubwa walikuwa wamekwenda Bungeni wakapiga kura wakashindwa, wakapiga tena wakashindwa tena, mwishowe wakaomba siku ziongezwe kama mwanafunzi aliyekuja bila kazi ya nyumbani. Kule buchani kwa Barry, waliotaka kutoka walisema tumetapeliwa. Waliotaka kubaki walisema tunaongozwa na vichekesho. Kwa mara ya kwanza tangu kura ile, kijiji kizima kilikuwa na hasira moja. Mbunge wao alikuja ukumbini kuituliza, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, tunatoka au hatutoki?"

"Ni muhimu sana," mheshimiwa akajibu, "tuwe wazi kwamba suala hili ni muhimu."

"Mpeni maji," mtu akasema kutoka nyuma. "Amechoka kwa kutosema kitu."

Enid hakwenda ukumbini. Yeye na Wilf walipiga kura tofauti siku ile, kila mmoja akaiua ya mwenzake, wakarudi nyumbani wakala samaki na chipsi, na habari ikaishia hapo. Kilichomuuma yeye ni kengele. Mume wake anaondoka duniani, anaomba kitu kimoja kisichogharimu hata senti, nacho kimezuiwa na watu wawili wenye vichwa vigumu kwa ajili ya siku ambayo haikuwahi kufika!

Jumamosi moja asubuhi Wilf aliweka kijiko chini. "Enid, niambie sasa. Nani kagombana na nani?"

Hakuweza tena. Akamwambia yote.

"Barry na Hilary?" Wilf akauliza. "Barry ndiye aliyembeba Hilary mgongoni alipoteguka mguu mnarani." Akajitafutia pumzi. "Basi acha, mke wangu. Waache." Akageuza uso ukutani.

Kile "basi acha" kilimchoma Enid kuliko maneno yote ya daktari. Alivaa koti juu ya aproni akatoka.

Buchani palikuwa na foleni. Enid akaipita yote mpaka mbele, jambo ambalo kwa watu wale ni kosa la kukunyima salamu mwaka mzima.

"Barry Stennett, kesho baada ya ibada nakutaka mnarani. Wilf anataka kuzisikia kabla hajaenda, na hana siku nyingi."

Barry akaweka kisu. "Kwa Wilf nakuja hata kwa magoti. Lakini sisimami na yule mama. Ameniita mbumbumbu mbele ya mchungaji."

"Na wewe ulimwita nani?"

"Kibaraka," Barry akasema, sauti imepungua.

"Basi mmelipana. Wee Barry, huoni haya? Mnapigana kugombea ngoma ya harusi, na bwana harusi mwenyewe ameahirisha! Wale wa London wameshindwa kutoka, wameshindwa kubaki, hata kukubaliana chakula cha mchana wanashindwa. Na nyinyi mnataka kuwaiga?"

Foleni nzima ikaguna kumuunga mkono. Barry akafunga soseji za mtu kwa karatasi, akazifunga vibaya, akazifunga upya. "Saa ngapi?" akauliza.

Hilary alikuwa bustanini kwake, glavu mkononi, anapogoa mawaridi kama vile yamempigia kura mbaya. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ataniomba radhi?"

"Haombi. Na wewe humwombi. Utavuta kamba tu." Enid alitaka kuongeza kitu kikali, lakini machozi yakamtangulia. Hakulia mbele ya daktari, hakulia mbele ya Wilf, akaja kulia mbele ya mawaridi ya watu. Hilary akavua glavu zote mbili akamkumbatia. "Nitakuja, Enid. Mbona hukusema mapema, mwenzangu?"

Kesho yake jambo moja lilibaki. Bila Enid wangekuwa watano, na usiku wa kuamkia siku hiyo Wilf alipumua vibaya. Akienda, huenda akarudi akamkuta hayupo. Asipokwenda, hakuna kengele. Alisimama na koti mkononi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nikuletee jirani akae nawe?"

"Usiniletee mtu, atanipigia kelele za pole. Fungua dirisha uende zako." Wilf alikuwa amechana nywele. Alikuwa amejichanea mwenyewe, na upande mmoja ulikuwa umesimama. "Nenda, bibie. Wanakungoja."

Mnarani hawakusalimiana sana. Barry alishika kamba ya kengele kubwa, Hilary ya tatu, uso kwa uso, na ilibidi watazamane mikono, wapende wasipende. Mama Gillian akatoa neno, na kengele zikaanza kupanda, moja, nyingine, nyingine, mpaka zote sita. Enid akasema moyoni, asante Mungu, anasikia.

Halafu likaja pigo la pili. Lilitoka limefifia, limefungwa, kutoka chumba cha mbali.

Enid akadhani ni masikio yake. La kwanza wazi, la pili limefifia. Wazi, limefifia. Akamtazama Hilary, na Hilary alikuwa mweupe kama karatasi. Ngozi! Mwanzoni mwa Machi, kabla ya ile siku ya kutoka, mama huyu alipanda mnara peke yake akazivisha kengele zote, ili Barry akija kwa ukaidi wake kuipigia nchi shangwe, aipigie tanzia. Siku ikaahirishwa, Hilary akashinda wiki nzima anaigombeza televisheni, na ngozi akazisahau hukohuko juu.

Na sasa Wilf Rudkin, yu hai, dirisha wazi, anapigiwa kengele za msiba wake.

Huwezi kuiachia kamba kengele ikiwa inapinduka, itakurusha mpaka darini. Ilibidi watulie wote, wazisimamishe moja moja, na mpaka ya Enid isimame yeye alikuwa ameshakufa mara kadhaa. Akaitupa kamba akashuka ngazi za mnara, akayakata makaburi kwa mbio ambazo umri wake haukumruhusu, anasema kwa sauti, nimemuua, nimemuua mume wangu.

Wilf alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanamtiririka. Enid akamrukia kumwinua. Kumbe anacheka.

"Nani kafa?" Wilf akauliza.

"Wilf, nisamehe..."

"Ni mimi? Mbona hamkuniambia, ningevaa tai!" Kicheko kikamletea kikohozi, kikohozi kikamrudishia kicheko. Enid akamweleza habari ya ngozi huku akimpiga mgongo. "Hilary huyo," Wilf akasema. "Kapanda kule juu, na magoti yale? Mwanamke na nusu."

Akapumzika. Kisha akamshika mkewe mkono, na uso wake ukawa mwingine.

"Enid, hizi nimewapigia wangapi? Baba yangu. Mama yako. Kijiji kizima. Nimewapigia vizuri kadiri nilivyoweza, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Mimi nimesikia, bibie. Ni nzuri sana. Rudi uwaambie wasizivue. Wamalize."

Enid alimkuta Hilary amekaa kwenye ngazi ya mnara, analia kwa kwikwi, na Barry ameinama juu yake na leso yake kubwa inayonuka nyama. "Basi, mama, basi," Barry alikuwa anasema. "Ungeweza kuanguka kule juu. Nani angekubeba safari hii?"

"Anasema mmalize," Enid akawaambia, akihema. "Na Barry, anasema ulikuwa unachelewa kuvuta."

"Aa! Mgonjwa gani huyu!" Barry akasema, na wote sita wakacheka, hata Hilary, kamasi zikimtoka. Wakarudi kwenye kamba, wakapiga mpaka mikono ikawawaka moto, na watu wakatoka majumbani wamevua kofia, wanaulizana nani, nani, na Colin baadaye alipata kazi kubwa ya kuwaeleza.

Enid aliporudi, Wilf alikuwa amelala na tabasamu. Akafumbua jicho moja. "Zote sita," akasema. "Asante, mke wangu."

Jioni ile Enid aliosha vyombo huku akishukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Barry, akamshukuru Hilary na kichwa chake kibovu. Akawashukuru hata wale wa London, kidogo tu, kwa siku hiyo moja, maana wangekuwa watu wa kutimiza neno lao, kengele zingepigwa Machi, na ngozi ile ingevuliwa siku ileile.

Wilf aliondoka mwanzoni mwa Juni, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Enid. Nchi ilikuwa bado haijatoka, na Waziri Mkuu mwenyewe alikuwa ameshatangaza kuachia ngazi. Marehemu aliacha agizo moja: za ngozi nimeshazisikia, mnizike na za wazi. Basi baada ya maziko wakapanda wote sita, Enid na nguo zake za msiba, wakazipiga wazi kwa nguvu zote, siku ya kazi, mchana kweupe, mpaka zikasikika mashamba ya mbali.

Walipotoka, lori la karoti lilikuwa limesimama barabarani, dereva ametoa kichwa nje.

"Vipi wakubwa, shangwe zote hizi! Ndiyo tumetoka, nini?"

"Wala," Barry akajibu. "Tumemzika kiongozi wetu."

Dereva akashtuka. "Waziri Mkuu kafa?"

"Nimesema kiongozi," Barry akamwambia.

"Kweli kabisa," akasema Hilary, na Enid, aliyekuwa nyuma yao, akapita katikati akawashika mikono wote wawili, wakaenda nyumbani kunywa chai.