Pikipiki Iliyopukutika Njia ya Kambini

Mwanangu, kila nikisikia pikipiki zenu zinapita hapa zikigongagonga vyuma, nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, hapa hapa Mugoma, miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi kuliko sisi wenyeji. Hebu zima hiyo mashine yako ukae kidogo. Abiria wako atapata mwingine, wapo wengi siku hizi.

Na mimi nilikuwa na pikipiki. Niliinunua ikiwa imeshachoka, lakini nilivyoipenda, we acha tu. Jumapili niliipaka mafuta ya kupikia ing'ae nikienda misani, na mama yangu akiona chupa yake imepungua alinitazama tu.

Shida ilikuwa barabara. Malori ya chakula cha wakimbizi yaliichimba changarawe ikawa vimatuta vidogo vidogo mfululizo, na kwenye vimatuta vile nati hujifungua yenyewe. Asubuhi unakaza, jioni unarudi na pungufu. Sote wenye pikipiki tulikuwa hivyo. Basi watu wa kando ya barabara wakajiwekea desturi yao: ukiokota chuma njiani huingizi ndani, unakitundika kwenye ua wako wa minyaa, upande wa barabarani, mwenyewe akipita akione. Ungepita siku hizo ungeona vioo na stendi na vibao vya namba vimening'inia, na hakuna mtu anayevigusa visivyo vyake. Ninyi leo mnafunga hata ndoo kwa kufuli.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto wa kike, Speransia. Alivuka kutoka Burundi na kundi la watu, mgongoni kwa bibi mmoja aliyemwokota kwenye vurugu za kukimbia. Bibi yule alipozidiwa na homa akamwacha kwa mama. Kirundi chake cha kitoto na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo hakupata tabu kuongea nasi. Mama alikuwa amezaa wavulana watupu. Alimlaza kitandani kwake, akamsuka, akamfundisha kuchambua maharage, na ukimgusa mtoto yule umemgusa yeye. Hata hivyo, miaka yote aliyokaa nasi, kila katekista wetu alipokwenda kambini kufundisha, mama alimtuma aulize: nani amepoteza mtoto wa kike mwenye kovu la moto mkononi? Alikuwa akiuliza huku anaomba asijibiwe. Aliniambia mwenyewe baadaye.

Ikaja jioni katekista akarudi na jibu. Mama mzazi yuko hai, yuko kambini, alishamwombea mwanawe kama marehemu. Na jina lake limo katika watu wanaorudishwa kwao kwa malori kesho yake asubuhi. Mama yangu akaenda jikoni akamchemshia Speransia mayai.

Kulipokucha tukaondoka, mimi mbele, mtoto katikati, mama nyuma amekaa kiupande kwa sababu ya gauni lake la misa. Hatujafika mbali, kava la pembeni likadondoka. Nikasimama, nikaliokota, nikalifuta vumbi, nikampa mama ashike. Mbele kidogo ikaachia taa ya nyuma. Nikasimama tena. Kisha madigadi ya nyuma, ile ya kukinga tope juu ya gurudumu, ikang'oka yote na kibao cha namba, nikaegesha nikaanza kupekua nyasi kando ya barabara.

Mama akashuka. "Unatafuta nini?"

"Bolti, mama."

"Wewe unatafuta bolti, na huko kuna mwanamke anatafuta mtoto wake." Akachukua lile kava na ile taa akaviweka chini kando ya barabara, pamoja na madigadi. "Hivi vitatundikwa, vitatusubiri. Malori hayatusubiri. Na kama unasimamasimama ili tuchelewe, mtoto abaki, niambie sasa hivi. Anayelala naye ni mimi. Ningetaka kuchelewa ningechelewea jikoni."

Mpaka leo sijui kama nilikuwa naipenda pikipiki kiasi kile, au nilikuwa nampenda yule mtoto nikatafuta sababu. Labda yote mawili.

Nikapanda nimenuna. Sasa nikawa siangalii nyuma kabisa. Mfuko wa spana ukakatika, nikausikia ukianguka, nikapita. Kwaheri, nikasema moyoni, si tumeambiwa tusisimame? Ujana una ujinga wake. Mara mama akanigonga mgongoni: "Simama, gurudumu linacheza." Nikajifanya sisikii. Akanigonga tena. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mwenye kukataza kusimama ni yeye.

Basi mama akapitisha mkono juu ya kichwa cha mtoto akanishika sikio. Mwanaume mzima, na ndevu zangu, navutwa sikio barabarani, na watu wanaokwenda shamba wanatazama. Nikasimama. Kuangalia, nati kubwa inayoshika gurudumu la nyuma iko mwisho kabisa wa ekseli, imebaki kushikwa na vumbi na grisi. Na mbele yetu ulikuwa mteremko mkali, chini yake malori ya chakula yanapanda.

Mama alisema polepole: "Nilikwambia usisimame kwa mapambo. Gurudumu nalo ni pambo?"

Spana ndiyo hivyo, nimeziacha nyuma kwa hasira zangu. Mungu si mchoyo, akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye ndizi. Akamwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba akamweleza shida yetu. Wachukuzi wa ndizi hawatembei bila spana. Huyu akafungua mzigo wake akatoa ile ya kupanua na kubana mdomo, ambayo mafundi wameipa jina nisilolitaja mbele yako. Tukakaza mpaka chuma kikalia. Akaturuhusu twende kabla hajamaliza kuzifunga ndizi zake upya.

Tulikuta injini za malori zinanguruma. Mama mzazi alishapandishwa, akamwona mtoto kutoka juu kule akaanza kuita, lakini Speransia hakumtambua. Alikuwa mdogo mno walipopotezana. Alishika gauni la mama yangu, akalia kwa namna ambayo sitaki hata kukusimulia. Watu wa malori wanahimiza. Unajua mama alifanyaje? Alipanda naye. Akakaa katikati ya mizigo na magodoro, ubavuni kwa yule mwanamke, akamweka mtoto juu ya mapaja yao yote mawili, akawa anawaongelesha wote wawili taratibu, huyu anapenda hiki, usiku hujifunua shuka. Lori likaenda mpaka kizuizi cha mwisho cha kambi. Pale akashuka peke yake. Alirudi kwa miguu na vumbi usoni, vidole vya mtoto vimemwachia michubuko mkononi.

Tukaanza safari ya kurudi. Nikafikiri atataka kufika upesi ajifungie ndani. La. Kila kilipoonekana chuma chetu kwenye ua alinigonga mgongoni nisimame, akashuka, akabisha hodi, akashukuru. Na wenyewe, waliokuwa wameshasikia habari zetu, wakauliza, mtoto kafika? Akajibu, kafika. Madigadi nilitaka kuifunga kwa mpira wa tyubu, akakataa. Akaiweka mapajani, pale katikati yetu alipokuwa amekaa Speransia, akaikumbatia kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Nilisikia analia mgongoni mwangu. Sikugeuka.

Sasa sikiliza, mwanangu, ndipo uwashe mashine yako uende. Asubuhi, kabla hujawasha, pitisha mkono kwenye nati zote, na anza na za magurudumu. Ukishaondoka, fahamu kwamba katika maisha yako vitu vitadondoka: cheo, sifa, nguo nzuri, maneno ya watu. Usigeuke kwa kila kinacholia nyuma yako wakati kuna mtu anakungoja mbele. Vingi vya hivyo utavikuta. Lakini anayekupenda akikwambia gurudumu linacheza, simama, hata kama jana alikugombeza, hata kama umenuna. Hasira isikufanye kiziwi. Na ukibeba kitu cha mwenzio, hata ukikipenda namna gani, kifikishe. Mama yangu alikifikisha, akaishi na uchungu wake miaka mingi, na sikumsikia hata siku moja akijuta.

Haya, nenda. Mungu akushikie gurudumu lako, akupe masikio ya kusikia unapoitwa, na kila unayembeba afike kwa wanaomngoja.