Mikono Myekundu ya Mawese

Jirani akikaanga kwa mawese, ninafunga dirisha kwa hasira.

Siku moja, nikiwa mtoto, tonton, yaani mjomba wangu, mwalimu wa Kiingereza, alinituma mawese sokoni Kadutu. Chupa ilivuja njiani, nikafika nyumbani mikono ikiwa myekundu. Sufuria ya nyama aliyoipika maman ilikuwa tupu.

Tonton akanishika mikono, akamwonyesha maman.

"Angalia! Waingereza wanasemaka mwizi anakamatwa na mikono myekundu. Zamani, mutu akichinja mbuzi ya watu, damu ilikuwa inamuchongea."

"Iko mawese, tonton! Ni wewe ulinituma."

"Nyamaza, mwizi!" maman akasema, akanichapa mpaka nikajikojolea.

Tonton alirudia msemo ule kwa Kiingereza, polepole, ili niushike vizuri, huku akichokonoa nyama menoni kwa njiti ya kiberiti.