Mke Mwenza wa Benchini

Wivu hauzeeki. Mama Pasi alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu, magoti yakimlia kila akiinama, na bado roho ilimuuma kama bi harusi wa juzi. Aliyemuumiza alikuwa bibi kikongwe asiye na meno ya mbele, ambaye mume wa Mama Pasi alikutana naye kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili. Mama Pasi alimpachika jina Bi Shali, kwa ile shali ya kijani asiyoivua hata jua likiwaka.

Yeye mwenyewe jina la Pasi alipewa na mtaa, kwa kazi yake ya kufua na kunyoosha nguo za watu. Kwa pasi hiyo alilea watoto, na kwa pasi hiyo alimuuguza mume. Mzee alikuwa fundi rangi hodari, mpaka siku sauti zilipoanza kumsemesha juu ya ngazi, akashuka akijibizana na watu wasiokuwepo. Ndugu zake wenyewe walimwambia Mama Pasi aondoke angali kijana. Hakuondoka. Alimpa vidonge, akamfuata barabarani alipotoka bila viatu, akameza matusi yake. Dawa zikamtuliza. Kisha uzee nao ukaja na lake: mzee akaanza kusahau. Akasahau choo kiko wapi, akasahau majina ya wanawe, na asubuhi nyingine alimwita mkewe "dada", kwa adabu, kama anayemsemesha muuza duka.

Lakini mzee hakumsahau Bi Shali. Kila Jumanne, siku ya wazee, alimtafuta kwa macho tangu mlangoni, akaenda kukaa ubavuni pake, wakacheka mambo ambayo hata wao hawakuyajua.

"Shati lako leo limenyooka," bibi yule alimwambia Jumanne iliyopita, akimgusa kola.

Mzee akatabasamu. Na aliyelinyoosha amesimama pale pale, kashika mfuko wa dawa. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia juani, na kivulini kakaa mwenye shali.

Njia ya kuwatenganisha ilikuwepo. Muuguzi huwapima wazee kumbukumbu, na anayeshindwa huhamishiwa kliniki ya Ijumaa, jengo la pili. Mzee angeshindwa zamani, ila muuguzi hutumia maneno yale yale matatu, na Mama Pasi humkaririsha njia nzima: kikombe, daraja, kitunguu. Aliona aibu mumewe aonekane amekwisha. Jumanne hii hakumkaririsha. Walitembea kimya, na mzee kila mara akawa anamtupia jicho usoni.

"Mzee, yale maneno matatu niliyokutajia ni yapi?" muuguzi aliuliza.

"Kwani uliniambia maneno?"

Alipoulizwa huu ni mwezi gani, hakuujua. Hakujua pia kama wako ghorofa ya juu au ya chini. Akamgeukia mkewe, kama alivyozoea, na mkewe akaangalia dirisha. Moyoni Mama Pasi alifurahi, tena bila haya. Bi Shali atafute mume wa kumsifia shati kwingine.

"Mama, naona tumpeleke Ijumaa," muuguzi alisema.

"Sawa tu, mwanangu. Nyinyi ndio mnaojua."

"Nimalizie moja. Mzee, niambie sentensi yoyote. Chochote ulicho nacho moyoni."

Mzee akafikiri, akisugua magoti kwa viganja.

"Mke wangu amenuna," akasema. "Tangu asubuhi. Sijui nimemkosea nini."

Muuguzi akacheka. "Kweli umenuna, mama?"

"Sijanuna."

Mzee akamwinamia muuguzi, akanong'ona kama anayempa siri ya nyumba.

"Usimsikilize. Amenuna huyo. Mimi namjua."