Kifungo cha Koti Ukutani

Nakumbuka siku moja niliyoshika kitambaa kibichi nikafuta ukuta, na mpaka leo sijamaliza kuufuta moyoni. Nakuandikia hili, mwanangu, kwa sababu umeniambia umebandika ramani tupu sebuleni kwako Bulyaga, unawafundisha wanao jiografia nyumbani, na ukaniuliza mimi nilifanyaje na Neema. Mimi niliishia darasa la saba. Sina uhakika kama mtu wa darasa la saba ana la kumwambia mtu kama wewe. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, basi pokea.

Neema, binti yangu wa kwanza, aliteleza akishuka kuteka maji mtoni, akavunjika paja. Alikuwa darasa la nne. Mguu ukafungwa plasta kutoka nyonga hadi kisigino, na mvua za kwetu unazijua, zikianza hazina adabu. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kumbeba kila siku haikuwezekana. Mwalimu mkuu akasema, kwa upole, siwezi kumsingizia ukali, kwamba mtoto akikosa masomo muhula mzima itabidi arudie darasa. Neema alilia siku mbili. Alikuwa anapenda shule kuliko chakula.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Anjela, mgeni kutoka Tabora, aliyepangiwa shule hiyohiyo. Akaja na kipande cha mkaa. Ukuta wa baraza yangu nilikuwa nimeupaka udongo mweupe wiki ileile, nikajivunia. Akachora hapo Afrika nzima, kubwa kama mlango, mistari mitupu, hakuna jina hata moja.

"Majina yako wapi, mwalimu?" nikamuuliza.

"Yatatoka kinywani mwa mtoto, mama Neema. Mimi nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumpima. Akiijaza mwenyewe, nitamsemea kwa mwalimu mkuu."

Basi tukaanza. Tuliijaza kwa vitu vya jikoni, tukivibandika kwa uji mzito. Jani la chai tuliweka hapa kwetu Rungwe. Punje ya mpunga kwa Kyela, karafuu kwa Zanzibar. Kila redio ilipotaja nchi kwenye taarifa ya habari, Neema aliweka harage mahali pake kabla msomaji hajafika habari nyingine, na akichelewa mimi nilikuwa mshindi. Tulipima njia kwa uzi: toka Tukuyu hadi Mbeya uzi ni mfupi kama kucha, hadi Misri unamaliza kibiringo. Asubuhi moja nikasikia anaita, "Mama! Jogoo amekula Sudani!" Kweli, mahindi yote tuliyobandika kaskazini yalikuwa yamedonolewa. Tulicheka hadi plasta ikamuuma.

Sasa lazima nikueleze jambo la kwetu ambalo wewe umelikuta limelegea. Zamani mke hakukutana na baba mkwe wake uso kwa uso. Nikimwona anakuja njiani, nilikata kona nikaingia migombani. Hakula nilipokaa, hakuniita, sikumjibu. Wengi wa kanisani walikuwa wameanza kuuacha mwiko huo, lakini yeye alikuwa mtu wa kale, nami nilimheshimu hivyo. Jina lake sijalitamka hata leo, na hapa pia sitaliandika, unisamehe.

Nikienda shamba la chai asubuhi, yeye alikuja barazani kukaa na mjukuu wake. Nikirudi, nilikohoa nikiwa mbali, naye akaondokea upande wa nyuma. Kwa hiyo niliachiwa tu kigoda chenye joto na mtoto mwenye furaha. Nilijua anakuja. Sikujua wanafanya nini.

Ijumaa moja, siku moja kabla ya Mwalimu Anjela kuja, nilirudi nimelowa, nimechoka. Nikaona ukutani mstari mnene wa mkaa umetoka kwenye jani letu la chai, ukashuka kusini ukipindapinda, umekatiza nchi ambazo tulikuwa tumezipanga vizuri, umefika chini kabisa. Na huko chini, karibu kuingia baharini, duara, na ndani yake kifungo cheusi cha koti kimebandikwa kwa uji wangu. Harage la Malawi lilikuwa limeanguka. Nikaona aibu ya kesho. Nikachovya kitambaa.

"Mama usifute," Neema akasema. "Hiyo ni ya babu."

Nikasema, na maneno haya nayaandika kama yalivyokuwa, nisijipendelee: "Babu yako hajasoma. Anakuharibia. Kesho utafeli kwa ajili ya michoro ya mzee."

Nikafuta. Kifungo nikakibandua kwa ukucha, nikakitupa uani pamoja na maganda ya ndizi. Ulimi hauna mfupa. Nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi kifupi, kisha hatua za mtu mzima zikiondoka kwenye majani makavu ya migomba. Alikuwa bado hajaondoka. Nilikuwa nimesahau kukohoa.

Mwanangu, hebu fikiri. Nimemtukana mkwe wangu akisikia, na mwiko ule ule unanizuia kwenda kumwomba radhi.

Jioni ile Neema hakugusa ramani. Nikimwuliza Nigeria iko wapi, anageukia ukuta mwingine. Asubuhi ya Jumamosi alimtuma mdogo wake kumwambia Mwalimu Anjela asije, anaumwa. Haumwi. Mwalimu akasogeza mbele hadi Jumamosi iliyofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Jumapili baada ya ibada mama mkwe akaja, akaketi kwenye kile kigoda. Hakunigombeza kwa sauti. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama Neema, unajua kile kifungo ni cha nini?"

"Sijui, mama."

"Ni cha koti la kaka yake. Walikwenda wawili kuchimba dhahabu Johanesibagi, vijana, wakitembea kwa miguu hadi ng'ambo ya Karonga. Mwamba ukamwangukia kaka. Walimzika hukohuko, mwenzake yuko zamu chini, hakuonyeshwa hata mahali. Alirudi na kifungo. Hajawahi kumwonyesha mtu kaburi la kaka yake, maana halijui. Sasa mtoto mwenye mguu mbovu amemwambia, babu, weka hapa, hapa ndiko. Akaweka. Wewe umefuta kaburi, mwanangu."

Nilikwenda uani kwa magoti. Maganda yalikuwa yameshatupwa kwenye mashimo ya migomba, mvua imepita juu. Nilichimbua kwa mikono siku ile na ya pili yake. Neema alijiburuta hadi mlangoni na plasta yake akawa ananielekeza, "Kulia, mama, kulia kidogo." Hatukukiona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne nikafanya jambo moja tu nililoweza. Nilikuwa na sweta ya kanisani, nyeusi, niliyovaa wiki niliyofika nyumba ile kama bibi harusi. Nikakata kifungo cha juu, nikakiweka kwenye kigoda pamoja na mkaa na bakuli la uji. Kisha nikasimama barazani, uso nimeuelekeza kwa mtoto, nikapaza sauti ili isikike migombani: "Neema, mwambie babu yako mama hajui njia ya kusini. Mwambie mama amefuta asichokijua. Mwambie mama anaomba aelekezwe." Nikaenda shamba bila kugeuka.

Sikuchuma chai ya maana siku ile. Niliporudi nilikohoa mbali sana, nikakohoa tena. Mstari ulikuwa umerudi. Kifungo changu kilikuwa kwenye duara. Na pembeni ya kila mto aliouvuka alikuwa ameweka kijiti.

"Babu amesema nini?" nikauliza.

"Amesema ndaga," Neema akajibu. Yaani asante. Hakuna zaidi.

Jumamosi Mwalimu Anjela akaja na fimbo ya kuonyeshea. Neema hakutaja nchi kama anayeimba orodha. Alimtembeza mwalimu: hapa wanavuka Songwe, hapa wanafuata ziwa, hapa Zambezi wanapandishwa mtumbwi wanaogopa mamba, hapa wanafika, hapa babu mkubwa amelala. Mwalimu alimfuata kwa fimbo yake, mto kwa mto. Kwa haki niseme, duara halikuwa mahali pake, mzee alilisukuma mno kuelekea baharini. Mwalimu aliliona hilo. Akamwuliza Neema, "Naweza kukisogeza kifungo?" Neema akatazama migombani, akangoja. Kikasikika kikohozi kimoja. Ndipo akasema, "Babu amekubali." Kikasogezwa upana wa vidole viwili.

Neema hakurudia darasa.

Kwa hiyo, mwanangu, ramani tupu usiijaze wewe. Anza na nyumbani, weka jani la chai, weka punje, tumia uzi na redio, acha jogoo ale Sudani mcheke. Lakini acha nafasi ya wazee wa nyumba hiyo, maana wapo waliokwenda kwa miguu mahali ambapo kitabu kinapataja tu. Waulize. Kuuliza si ujinga. Na utakapoona alama imekaa vibaya, isahihishe, sikatai, kosa ni kosa. Ila kwanza uliza ni ya nani, kisha omba ruhusa ya kuisogeza. Mimi nilikuwa na haki kuhusu mahali, nikawa mkosefu kwa mwenye mahali. Sijui kama nimeeleza vizuri.

Baba mkwe alifariki. Ile sweta ninayo, pungufu kifungo cha juu. Na nikipalilia mashimo yale ya migomba hadi leo, macho yangu yako chini.

Mungu akupe watoto wanaoijua njia ya kwenda na ya kurudi. Akupe wazee wa kukaa barazani kwako. Na ukuta wako usikose mkaa wa wema, wala mkono wako usiwahi kitambaa.