Mpaka Karala Mwenyewe Aseme

Burmakan hakuhesabu umri wa mtoto wa mbwa kwa wiki. Wiki ni za wenye kalenda ukutani, alisema, na hema lake la sufu halina ukuta wa kupigilia msumari. Yeye alimtazama mama. Siku mbwa jike atakapoinuka na kwenda zake huku mtoto bado ana chuchu mdomoni, na mtoto akimfuata anaonyeshwa meno, siku hiyo ndiyo. Kabla ya hapo hata uje na jeshi, mtoto humpati. Anayetolewa mapema hajawahi kukaripiwa na mamaye, hajui jino linauma kiasi gani. Mpe kondoo awalinde, atawachezea mpaka awavunje miguu. Na ukichelewa mno, keshazoea mbwa wenziwe tu, kondoo kwake ni mawe.

Watu wote wa malisho ya juu walilijua hilo, wakamwachia ukaidi wake. Isipokuwa Kasimali.

Kasimali ndiye baba mkwe wa Meerim, binti yake Burmakan. Kambi yake ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi nzima kwa farasi. Alikuja mwanzo wa kiangazi, akanywa maziwa ya farasi, akala, akajipangusa mafuta kwenye buti zake. Mbwamwitu walikuwa wamemuulia mbwa wake mzee. Na Karala, mbwa jike wa Burmakan, alikuwa amezaa mtoto mmoja tu mwaka ule, na kwa uzee wake hakuna aliyetarajia mwingine. Kasimali akamnyanyua yule mtoto, akapima unene wa miguu yake, akamfunua mdomo.

"Mkwe," akasema, "mbwa mzuri huyu. Sijaona mzuri kama huyu."

Watu hemani wakatazamana. Kwetu, mkwe akikisifu kitu chako, si chako tena. Kasimali alijua vizuri anachofanya, maana alisema huku anatazama buti zake.

"Umemsifu," Burmakan akajibu. "Basi wako."

"Ahsante, mkwe. Nitamtia ndani ya koti hili, hata baridi haitamgusa."

"Nimesema wako. Sikusema ameacha ziwa."

"Mbwamwitu hawangoji mtu aache ziwa."

"Na huyo atawafanya nini mbwamwitu? Atawakojolea?"

Kasimali akacheka, lakini mtoto hakumweka chini. "Mkwe, zawadi haina kamba. Ukitoa, umetoa."

Hapo alimbana Burmakan. Akikataa, malisho yote yatasema mama yake Meerim anawanyima wakwe, na maneno hayo yataangukia kichwa cha Meerim, anayepika katika hema la mtu huyu. Akikubali, mtoto wa mwisho wa Karala ataharibika. Burmakan akammiminia mgeni bakuli jingine, polepole, mpaka ukingoni.

"Mchukue leo hii," akasema. "Ngoja nikakutandikie farasi."

Kasimali alipotoka akakuta farasi wawili wametandikwa, na Karala amefungwa kamba shingoni.

"Huyu wa pili wa nani?"

"Wangu. Mtoto ni wako, maziwa ni yangu. Nayafuata maziwa yangu."

"Na kondoo wako, mkwe?"

"Kaka yake Meerim ana macho mawili, na mbwa wengine wapo. Panda, jua linakwenda."

Sasa mama wa mke wa mwanao akikufikia nyumbani, humuulizi ataondoka lini. Unachinja. Tangu harusi Burmakan hakuwa amekanyaga kambi ile. Alikuwa akingoja aitwe kwa heshima, na mwaliko haukuja. Meerim alipomwona mama yake anakuja, kifuani mwa mama kimechungulia kichwa cha mtoto wa mbwa, akajiziba mdomo kwa aproni asicheke mbele ya baba mkwe.

Kasimali alichinja kondoo wa kwanza kwa uso mkunjufu, mkia wa mafuta, fungu la heshima, akauweka mbele ya mgeni. Majirani wakaja kumwamkia, ikabidi achinje mwingine. Burmakan alikaa mahali pa heshima, akanung'unika kwamba chai ni nyepesi. Mtoto wa mbwa akamlaza zizini pamoja na wanakondoo, na Karala kando yake, ili anyonye huku ananusa kondoo. Mchana alipiga sufu na Meerim, wakicheka mambo ya watu.

Siku zikapita, mwisho Kasimali akaja kuegemea zizi.

"Mkwe, bado tu?"

"Muulize Karala."

"Nimemuuliza. Anasema mbwamwitu walikuwa wanakula kidogo kuliko wewe."

Burmakan akacheka mpaka jino lake la pekee likaonekana. "Ungelisema hivyo siku ile, badala ya kusifu."

Kisha asubuhi moja, akiwa mlangoni na bakuli la chai, aliona. Karala aliinuka, mtoto akaning'inia kwenye chuchu, akadondoka. Akamkimbilia mama. Karala akageuka, akanguruma, akamkandamiza chini kwa pua bila kumng'ata. Mtoto akalala chali, kimya. Alipoachiwa akajitikisa, akaenda kujilaza katikati ya wanakondoo.

Hakuna mwingine aliyeona. Angenyamaza, angekula mikia ya mafuta mpaka nyasi zikauke, na Meerim angeendelea kumsuka nywele kila mchana. Burmakan alimaliza chai yake yote. Kisha akamwita Kasimali.

"Mkwe, Karala amesema."

Kasimali alimtazama mtoto kule zizini, akamtazama Burmakan. "Leo? Meerim ameshakanda unga. Kaa basi hadi kesho."

"Nikichelewa nitawazoea, nami nina kondoo wangu."

Akapanda farasi. Karala aliuvuka mto bila kugeuza shingo. Burmakan aligeuka mara moja, kumtazama mtoto wa mbwa tu, hivyo ndivyo alivyosema baadaye. Mtoto alikuwa bado katikati ya wanakondoo. Meerim alikuwa mlangoni, mikono myeupe kwa unga.

Ng'ambo alifungua mkoba wa tandiko, akakuta Kasimali amemtilia kipande cha mkia wa mafuta kilichofungwa kwa kitambaa safi. Akakikata kwa kisu. Karala alipata kikubwa.